Gemupadi, joistiki, pedali ama kolektivu ya bomba: uchague gani kwa helikopta ya simuleta

Ukiwa ndani ya Bell 407 pale uwanja wa ndege wa Kisumu na uinue kolektivu, ule mti wa mkono wa kushoto wa kupanda na kushuka, kidogo tu, pua inakimbia kulia. Unakanyaga pedali ya kushoto kuirudisha, sasa rota ya mkia inaisukuma chopa yote upande wa kulia, unapeleka saikliki, ile stiki ya mkono wa kulia ya kuelekeza chopa, kushoto kidogo kuizuia, na ukishafanya hivyo nguvu ya kukuinua imepungua, unarudi kwa kolektivu tena. Vitu vitatu, kila kimoja kinamwamsha mwenzake, na hapo bado hujaenda popote, umesimama tu hewani mita mbili juu ya lami. Ndege ya mabawa ukishaituliza angani unaweza kuiachilia kidogo ushike kikombe, lakini chopa haikupi hiyo nafasi, na ndio maana vifaa unavyoshika kwa mkono vina maana kubwa huku kuliko kwa ndege za kawaida.

Mimi nimeruka na hivi vifaa vyote vinne nitakavyolinganisha, nikianzia chumba kimoja kule Mamboleo ambapo meza ya kula ndio ilikuwa pia meza ya kompyuta, na kitu kimoja nimekiamini kabisa ni kwamba kila kifaa kinafundisha mkono wako tabia fulani, na tabia ikishaingia kwa mkono kuitoa ni kazi. Kwa hivyo ukichagua kifaa unachagua pia tabia, na kila mtu anataka tabia tofauti, mwingine anataka tu kuona Rusinga kutoka juu jioni akitoka kazini, mwingine anataka siku moja akae kwa helikopta ya ukweli kama R44.

Vigezo ninavyotumia

Cha kwanza kwangu ni kama kolektivu inakaa pale umeiacha. Kwenye helikopta ya kweli ule mti wa mkono wa kushoto hauna springi ya kuurudisha katikati, ukiuacha unakaa, na kuna kitu cha kukaza ili usishuke wenyewe. Kifaa chako kikirudi chenyewe, utakuwa unapigana na springi badala ya kuruka.

Cha pili, nani anageuza pua, mguu au kifundo cha mkono? Cha tatu, saikliki inakupa mwendo mdogo kiasi gani pale katikati, kwa sababu kuhova, yaani kusimama hewani, ni kusukuma milimita na kurudisha, sio kuvuta stiki hadi mwisho. Cha nne ni kuseti, yaani itakuchukua jioni moja ama wiki mbili. Cha tano ni pesa, nafasi, na kama ikiharibika utapata mtu wa kuitengeneza hapa karibu, na hiki cha tano watu wanakisahau hadi siku kitu kimekatika.

Gemupadi

Hii ni ile ya Xbox ama PlayStation ambayo pengine iko tayari kwa nyumba.

Kolektivu ndio shida yake kubwa. Ukiiweka kwa kistiki cha kushoto, ukiachilia tu kinarudi katikati na kolektivu inaruka hadi nusu, chopa inapaa ama inaanguka. Dawa yake ni usiiweke kwa kistiki kabisa, iweke kwa vitufe viwili, kimoja cha kuongeza na kimoja cha kupunguza, hivyo inakaa pale umeiacha. Kugeuza pua ni kidole gumba cha kushoto, saikliki ni kidole gumba cha kulia, na mwendo wote wa kidole ni kama sentimita moja hivi kila upande kwa hivyo lazima upinde kurva, ule mchoro wa jinsi mwendo wa mkono unavyosomwa, kwenye seting ili katikati pawe pole. Kuseti ni nusu saa. Pesa ni karibu hakuna kama unayo, nafasi haichukui, na zikiharibika mafundi wa gemu wanazijua.

Ila niwaambie, nimeona kijana wa jirani akitua juu ya kisiwa cha Ndere na gemupadi safi kabisa, kwa sababu aliizoea tangu mtoto, na MSFS (Microsoft Flight Simulator) iko na misaada ya helikopta ambayo inakushikia sehemu ya kazi hadi uwe tayari kuizima. Hii inamfaa mtu anayetaka kujua kwanza kama anapenda chopa kabla hajatoa pesa, na mtu anayeruka akiwa kwa kochi.

Na kama wewe ni mtu wa droni na uko na ile rimoti kubwa ya kurushia, mfano RadioMaster, ichomeke kwa USB, inasomeka kama joistiki, na stiki yake ya kushoto kwa kawaida haina springi ya juu na chini. Yaani hapo umepata kolektivu inayokaa bila kununua kitu, na watu wengi hawajui hivyo.

Joistiki moja ya kujipinda

Hapa naongelea stiki kama Logitech Extreme 3D Pro ama Thrustmaster T.16000M, moja tu mezani, unaipinda kugeuza pua na kuna kislaida kidogo kwa tako lake.

Kolektivu inakuwa kile kislaida, na habari njema ni kwamba kinakaa ukikiacha. Habari ngumu ni urefu wake. Chukulia kislaida kina mwendo wa sentimita nne: milimita moja ya kidole chako ni asilimia mbili na nusu ya kolektivu yote. Hapa chini ziwani, karibu mita 1,134 juu ya bahari, bado uko na nguvu ya ziada ya kusamehe makosa, lakini jaribu kutua kwenye ukingo wa Menengai, mita 2,278, hewa imekonda na injini imebaki na nafasi ndogo, hiyo asilimia mbili na nusu utaiona kwenye geji ya toki, ile ya nguvu ya injini, na utaisikia.

Kugeuza pua ni kupinda kifundo, na hapa ndio kuna mtego kwa sababu mkono huo huo unashika saikliki, kwa hivyo kila ukipinda kushoto unasukuma pia kidogo mbele ama pembeni bila kutaka, chopa inateleza na hujui kwa nini. Dedizoni ndogo, yaani sehemu ya katikati isiyosoma chochote, kwa ule mpindo peke yake inasaidia, asilimia tatu hadi tano hivi, lakini kwa saikliki yenyewe usiweke dedizoni hata kidogo, maana katikati ndipo unapoishi ukihova. Halafu baada ya muda ule mpindo huwa unachoka na kuanza kutetemeka wenyewe, pua inacheza hata hujaigusa. Unaweza kufungua na kusafisha na inarudi kwa muda.

Kuseti ni jioni moja, na kabla ya simuleta yenyewe andika joy.cpl kwa Run ya Windows uone kama kila eksisi, yaani kila mwendo wa kifaa, inatembea mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Nafasi ni meza tu, hata ya bedsita. Inamfaa mtu anayeruka ndege za mabawa na chopa kwa mchanganyiko, mwanafunzi wa hosteli, na pia mtu ambaye miguu yake haimruhusu kutumia pedali, huyo asiambiwe na yeyote kwamba hawezi kuhova vizuri, anaweza, ni mazoezi.

Joistiki pamoja na pedali

Sasa mkono wa kulia umebaki na kazi moja. Siku niliyoweka pedali mara ya kwanza nilitoa kupinda kabisa kwenye seting, na wiki ya kwanza nilikuwa mbaya kuliko mwanzo kwa sababu ubongo ulikuwa bado unapinda kifundo, lakini wiki ya tatu chopa ilianza kutulia na hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimelaumu saikliki bure kwa mwaka mzima.

Kwa kigezo cha kolektivu, bado uko na kislaida ama mkono wa throto kama umenunua seti ya HOTAS (stiki na throto pamoja), na hapa kuna swali la upande linalowagombanisha watu. Throto ya ndege unasukuma mbele kupata nguvu. Kolektivu unavuta juu kupata nguvu. Ukiwa na mkono wa throto mezani, mimi naugeuza kwenye seting ili kuvuta kuja kwangu kuwe ndio kuinua, kwa sababu mkono unaovuta kupanda ndio mkono wa chopa, na siku ukipata kolektivu ya ukweli hutaanza upya. Lakini kama unabadilisha ndege na chopa jioni moja na unaogopa kuchanganya, acha mbele iwe nguvu kwa zote mbili, hakuna dhambi hapo, mradi usibadilishe badilishe. Simuleta za X-Plane na MSFS ziko na eksisi ya kolektivu peke yake tofauti na throto, weka kwa hiyo, na DCS, ile simuleta ya vita, kila chopa inasetiwa kivyake kwa hivyo ukihama kutoka Huey kwenda Mi-8 angalia tena.

Pedali zenyewe: nyingi za bei ya chini zimetengenezwa kwa ndege, ziko na springi ya kurudi katikati na breki za vidole. Chopa haina hiyo springi. Zile za Logitech ziko na kitasa cha kulegeza ukinzani, legeza hadi mwisho. Nyingine utafungua utoe springi mwenyewe, fanya hivyo kama tu hurushi ndege za mabawa sana, maana huko utaikosa. Na zifunge zisitembee, sakafu ya vigae pedali inakimbia chini ya meza, mimi nilipigilia kipande cha mbao kilichofika hadi ukutani na mambo yakaisha.

Jambo lingine ambalo pedali ndio hukufundisha vizuri, si chopa zote zinavuta upande mmoja. Bell 407 na R22 rota inazunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu, ukiinua unataka mguu wa kushoto. Cabri G2, ambayo ni ya Ufaransa, inazunguka upande wa saa, na Mi-8 ya Warusi vivyo hivyo, unataka mguu wa kulia. Hizi mbili, 407 na Cabri, ndizo zilizokuja na MSFS mwezi Novemba 2022, kwa hivyo mtu anaweza kukaa jioni moja akajifunza mguu wa kushoto halafu akahamia nyingine na ikamzungusha kama pia.

Pesa hapa inapanda, pedali pekee zinaweza kuzidi bei ya stiki, na nafasi chini ya meza lazima iwepo, pamoja na kiti kisicho na magurudumu, ama uyafunge. Inamfaa mtu ambaye ameshajua anapenda chopa, na yeyote anayefikiria shule ya urubani, maana miguu ndio inachelewa kujifunza kuliko mikono.

Kolektivu ya ukweli, ya kununua ama ya bomba

Hapa unakaa kwa kiti, mkono wa kushoto umeshuka kando ya paja, unavuta mti juu. Ya kununua, kampuni kama Virpil wanatengeneza, ni chuma, inakaa pale umeiacha, vitufe viko kichwani, ukichomeka inafanya kazi. Ubaya ni kuagiza kutoka nje, usafirishaji na ushuru juu yake, na ikipata shida spea iko Ulaya. Mtu mwenye pesa na asiye na muda hii ni yake na asione haya.

Ya bomba ndiyo naijua kwa mikono yangu, kwa hivyo mnivumilie nikikaa hapo kidogo. Unahitaji bomba la chuma ama PVC nzito la kama sentimita 40, ubao wa tako, bolti moja nene ya kuwa egemeo, washa mbili pana, nati ya masikio ya kukaza kwa vidole, na kati ya washa weka kipande cha ngozi ya mkanda wa zamani. Ile ngozi ndiyo siri yote. Chuma kwa chuma kinakwama halafu kinaruka, ngozi inateleza pole pole na inashika ukisimama. Uzito wa bomba unataka kulishusha, basi funga blada, ile ya kufungia mizigo kwa baiskeli, iwe inavuta kidogo kwa juu hadi libaki lenyewe katikati ya mwendo. Vyuma na bolti nilivipata Kibuye, na kuchomelea tako nililipa fundi wa jua kali.

Ya umeme: Pro Micro, kibodi kidogo cha saketi chenye chipu ya ATmega32U4, kompyuta inaiona moja kwa moja kama joistiki. Usinunue Arduino Uno ya kawaida kwa kazi hii, haijitambulishi hivyo. Poteniomita, ile kinobu ya kuzungusha inayosoma bomba liko wapi, iwe B10K, ile herufi B ndio ya mwendo sawa. Mimi duka moja niliuzwa A10K na sikujua tofauti, nusu ya kwanza ya kuinua hakuna kitu halafu ghafla chopa inaruka kama imepigwa teke, nikafikiri ni programu, nikapoteza wikendi mbili.

Halafu kosa ambalo karibu kila mtu anafanya, kufunga poteniomita moja kwa moja kwa bolti ya egemeo. Hesabu iko hivi: bomba linatembea kama nyuzi 30, poteniomita inazunguka karibu nyuzi 300, kwa hivyo umetumia sehemu moja ya kumi tu. Pro Micro inasoma hatua 1,024 kwa mzunguko wote, umebaki na kama mia moja, yaani kila hatua asilimia moja, na hapo hujashinda kislaida kwa mbali. Tafuta gia mbili za plastiki kutoka printa iliyokufa, kubwa kwa bomba na ndogo kwa poteniomita, ikizidisha mara sita unapata hatua kama mia sita. Sasa ndio utamu unakuja, bomba la sentimita 40 kwa nyuzi 30 mkono wako unasafiri karibu sentimita 21, milimita moja ni kama nusu asilimia. Linganisha na kislaida cha hapo juu.

Yangu yote ilinikula chini ya shilingi elfu tano ukiondoa makosa, na wiki mbili za jioni. Ikiharibika naitengeneza mwenyewe kwa dakika ishirini. Lakini kwa haki, haina vitufe vingi, haipendezi machoni, na mtu asiyependa kushika solda itamchosha akaiacha nusu, nimeona nusu nyingi.

Kwa vigezo vingine, kolektivu ya aina yoyote haikusaidii kugeuza pua wala saikliki, hizo bado unazihitaji kando, kwa hivyo hii ni ya mtu ambaye ameshapata pedali ama ameridhika na mpindo wake. Inang'aa zaidi kwa kutua. Ukishuka na kasi ya mbele iko chini ya noti 30 hivi, ukizidisha futi 300 kwa dakika unaanza kuingia kwenye hewa yako mwenyewe iliyochafuliwa na rota na chopa inazama hata ukivuta, na kuishika hiyo futi 300 kwa kislaida ni jasho, kwa bomba ni kazi ya kawaida ya mkono.

Ukishaona uko wapi

Kama mwezi huu uko na elfu chache tu na stiki tayari unayo, usinunue kitu kingine chochote, nunua Pro Micro na poteniomita halafu tafuta bomba. Kama huna chochote na hujui kama utapenda, anza na gemupadi na FlightGear ambayo ni ya bure, iko na Bo 105 ya kujaribia, ukae nayo mwezi. Kama unaishi kwa chumba kimoja na unapanga vitu na kupangua kila siku, joistiki ya kujipinda itakufaa miaka, pedali za kutoa chini ya kitanda kila jioni utazichoka. Kama unaweka akiba ya shule ya urubani, weka pesa kwa miguu kwanza, na uzime misaada yote. Kama unaruka DCS na silaha, hesabu vitufe kabla ya kitu kingine, hapo kolektivu ya kununua ama HOTAS inaishinda ya bomba.

Na kama uko na stiki na pesa ya kitu kimoja tu na umekwama kati ya pedali na kolektivu, usiulize mtu, iulize chopa yako. Weka X-Plane ama chochote ulicho nacho, simama hewani pale Kisumu dakika tano asubuhi bila upepo, mita mbili juu, ukitazama mbali kwenye mwisho wa barabara ya ndege na sio chini ya miguu. Halafu rudisha rikodi uangalie. Pua ikiwa inaenda kushoto kulia kila mara, ni pedali unakosa. Ikiwa pua imetulia lakini unapanda na kushuka kama mtumbwi kwa mawimbi, ni kolektivu. Na ikiwa unateleza mbele na nyuma, hiyo ni saikliki, punguza kurva kama umeipinda sana, shusha stiki kutoka mezani uiweke katikati ya magoti, egemeza mkono kwa paja, ujaribu tena dakika tano kabla hujatoa hata shilingi.